Aliongezewa damu London 1984, akafariki kwa ini Mombasa 2019: familia inadai wapi, na kwa karatasi zipi?

Mwana_Tudor

Salaam wakuu. Nina faili la familia moja ya Mombasa mezani na nataka wanaolijua suala hili wanikosoe kabla familia haijatoa hata shilingi.

Hali iko hivi. Mama alijifungua kwa upasuaji katika hospitali ya umma London, Novemba 1984. Alivuja damu sana, akaongezewa chupa tatu. Familia ikarudi Mombasa 1990, na mtoto wa nne, ambaye ndiye wa mwisho, akazaliwa huku 1992. Mwaka 2009 mama akakutwa na homa ya ini aina C, na 2019 akafariki kwa saratani ya ini. Hakuwahi kujiandikisha popote Uingereza kama mwathirika wa kashfa ya damu chafu, yaani damu yenye virusi waliyopewa wagonjwa wa hospitali za huko. Mume yu hai, ana miaka 78. Watoto wote wanne wapo, akiwemo wa tatu aliyezaliwa London.

Karatasi zilizopo: cheti cha kifo, majibu ya maabara ya 2009 (kingamwili zipo, virusi vipo, jenotaipu, yaani aina ya virusi kwa vinasaba, ni 3a), ripoti ya picha ya CT scan ya 2018, na pasipoti yake ya zamani. Karatasi ya hospitali ya London hakuna hata moja. Hospitali imejibu kwamba mafaili ya uzazi ya mwaka huo yalishateketezwa.

Naomba kujua: kuishi Kenya kunawanyima haki? Bila faili la hospitali ndiyo basi? Na kuna mawakala wawili wameshajitokeza, kila mmoja anataka asilimia 20. Wapewe?

---

Karani_wa_Mirathi

Nianze na hao mawakala: wasipewe kitu. Madai haya hayana ada. Yanapokelewa na chombo cha serikali ya Uingereza, Infected Blood Compensation Authority, wenyewe wanakiita IBCA, kilichoundwa kwa sheria ya Mei 2024, siku chache tu baada ya ripoti ya uchunguzi wa kashfa hiyo, ulioongozwa na Sir Brian Langstaff, kutoka tarehe 20 Mei. Kila dai lina afisa wake wa kulisimamia, na IBCA yenyewe hulipia ushauri wa kisheria kwa wadai. Anayetaka asilimia 20 anauza mlango ulio wazi.

Kuishi Kenya si kikwazo. Wanachoangalia ni mahali matibabu yalipotolewa: huduma ya umma ya Uingereza, yaani NHS, au jeshi la Uingereza hata likiwa nje ya nchi. Uraia wa mgonjwa na anuani yake ya leo havihusiki.

Tarehe nazo zinakubali. Kwa homa ya ini C mpaka ni matibabu ya kabla ya 1 Septemba 1991, mwezi ambao Uingereza ilianza kupima damu yote ya wachangiaji kwa virusi hivyo. Kwa VVU ni kabla ya 1 Novemba 1985, kwa homa ya ini B ni kabla ya 1 Desemba 1972. Aliyeongezewa baada ya hapo hafungiwi mlango, ila mzigo wa ushahidi unakuwa mzito zaidi. Novemba 1984 iko ndani kabisa.

Sasa mgawanyo, maana hapa ndipo familia nyingi huchanganya. Kuna madai ya aina mbili katika faili lako, na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni la marehemu mwenyewe. Hilo linaingia kwenye mirathi yake na linadaiwa na msimamizi wa mirathi, si na mtoto mkubwa kwa kuwa ndiye mkubwa. Bila hati ya usimamizi hakuna dai. Fidia hii hupimwa kwa mafungu matano: madhara ya mwili, madhara ya kijamii (unyanyapaa na kutengwa), kunyimwa haki ya kujua na kuamua juu ya mwili wake, gharama za uuguzi, na hasara ya kipato. Ugonjwa uliofika saratani ya ini uko ngazi ya juu kabisa kwa homa ya ini C, kwa hiyo ile CT ya 2018 ni mali, itunzeni.

La pili ni la walioathirika pembeni: mume na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Mume anatakiwa aonyeshe waliishi pamoja angalau mwaka mmoja baada ya maambukizi, na hapo hana tabu. Aliyemuuguza bila malipo kwa wastani wa saa 16.5 kwa wiki kwa miezi 6 anaweza kudai kama mwuguzi. Ndugu wa marehemu wasipewe matumaini. Sharti lao ni kuwa waliishi naye nyumba moja miaka 2 wakiwa chini ya miaka 18 baada ya maambukizi, na huyu aliambukizwa akiwa mtu mzima mwenye watoto.

Mzee wa miaka 78 asisubiri mirathi ikamilike. Dai lake ni lake. Aandikishe leo kwenye tovuti ya IBCA nia yake ya kudai, kisha asubiri zamu, kwa kuwa wanaita watu kwa makundi. Mwisho wa kujitokeza ni 31 Machi 2031. Tarehe iko mbali, umri wa mzee hauko mbali.

Tahadhari moja. Mtasikia habari za pauni 100,000 za awali kwa mirathi, maombi yake yalifunguliwa Oktoba 2024. Zile ni za marehemu waliokuwa wamesajiliwa kwenye mifuko ya zamani ya misaada. Huyu hakusajiliwa, msipoteze muda kuzijazia fomu.

---

Nyangumi_wa_Bahari

Mnapaka rangi tu hapa. Dai la mwili kuumizwa lina miaka 3, tangu 2009 hadi leo imepita mara ngapi? Na mimi ningeshauri waende mahakamani London, kuna hukumu ya 2001 iliyowapa watu wa homa ya ini C ushindi.

---

Karani_wa_Mirathi

Nyangumi, umeshika vitu viwili vya kweli na kuvifunga kamba moja.

Miaka 3 ni ukomo wa kesi mahakamani, chini ya sheria ya ukomo ya 1980, tangu siku mtu alipojua. Mpango wa fidia si kesi. Hauulizi nani alikosea wala lini ulijua. Unauliza mambo matatu: alitibiwa kwa damu au mazao ya damu? Aliambukizwa? Je, yaelekea zaidi kwamba hilo la pili lilitokana na la kwanza?

Hukumu ya 2001 naijua: A na wenzake dhidi ya National Blood Authority, Jaji Burton, wadai 114. Ni hukumu tamu. Mamlaka hiyo ya damu ilisema, hatungeweza kuzuia kwa sababu kipimo hakikuwepo. Jaji akasema sheria ya 1987 ya kulinda watumiaji haiulizi kama kasoro ingezuilika. Inauliza mtu alikuwa na haki ya kutarajia nini, na umma haukuambiwa kwamba kila chupa ina bahati nasibu ndani yake. Lakini sheria hiyo ilianza kufanya kazi 1 Machi 1988, na bidhaa ya kabla ya hapo haimo. Chupa za 1984 hazimo. Tena ina ukuta wa miaka 10 tangu bidhaa kuingia sokoni, usiosogezwa hata kama hukujua. Mahakamani faili hili lingekufa siku ya kwanza.

---

Bibi_Maabara

Mirathi nawaachia wenye mirathi. Kazi ngumu hapa ni kuthibitisha kwamba zile chupa tatu zilikuwepo. Ugonjwa wake hauna ubishi.

Kuteketezwa kwa faili ni kawaida wala si njama. Faili la mtu mzima hospitalini huwekwa miaka 8 baada ya matibabu kuisha, la uzazi miaka 25. 1984 ukijumlisha 25 unapata 2009, mwaka uleule alipogunduliwa. IBCA wanalijua hili, ndiyo maana kipimo chao ni mizani ya uwezekano, si uhakika usio na shaka. Lakini mizani inataka vitu vya kuweka juu yake, na familia hii inavyo vingi kuliko inavyodhani.

Anzeni na mtoto aliyezaliwa London. Cheti chake cha kuzaliwa cha Uingereza kinataja hospitali. Nakala inaombwa General Register Office, ofisi ya huko ya kusajili vizazi na vifo, kwa ada ndogo. Hapo tayari mna mahali na siku.

Kisha rekodi zake yeye mtoto kwa daktari wa familia. Enzi zile zilikaa kwenye bahasha ndogo ya kaki inayoitwa Lloyd George, na ndani yake daktari alichomeka barua za hospitali zilizokunjwa. Mtoto akizaliwa, hospitali ilimwandikia daktari wake barua ya kumruhusu, na katika barua hiyo mara nyingi kuna mistari juu ya mama: upasuaji wa dharura, kuvuja damu, kuongezewa. Mtu akihama nchi bahasha haitupwi, inarudi kwenye hifadhi inayosimamiwa na Primary Care Support England, na rekodi za aliyefutwa kwenye orodha ya daktari huwekwa hadi miaka 100. Mtoto yu hai na ni mtu mzima, kwa hiyo ana haki kamili ya kisheria kuomba nakala ya rekodi zake bila malipo, na wana mwezi mmoja wa kumjibu. Aombe kwa jina lililoandikwa enzi hizo, tarehe ya kuzaliwa, na anuani ya London waliyoishi. Anuani ndiyo ufunguo. Bila hiyo wanaweza kumkosa kabisa.

Ya mama ni ngumu zaidi. Rekodi za marehemu zinaombwa chini ya sheria ya Uingereza ya 1990 ya kuona rekodi za afya, na sheria ile inagusa yaliyoandikwa tangu 1 Novemba 1991 tu, isipokuwa ya nyuma yakihitajika ili kuyaelewa ya baadaye. Mwenye hifadhi anaweza kuwajibu kwa halali kabisa kwamba halazimiki. Ombeni hivyo hivyo, mkitaja kwamba ni kwa dai la IBCA, na mwombeni afisa wa dai naye aombe kwa upande wake. Jambo jingine: rekodi ya aliyefariki huwekwa miaka 10 baada ya kifo. Amefariki 2019. Hesabuni wenyewe, msikae.

Sasa huku nyumbani. Mtoto wa mwisho alizaliwa Mombasa 1992. Kadi ya kliniki ya wajawazito ina sehemu ya historia, na mkunga huuliza: ulishafanyiwa upasuaji? Ulishaongezewa damu? Ikiwa kuna mkono wa mkunga wa 1992 ulioandika "upasuaji 1984, aliongezewa damu, UK", basi mmepata kitu kilichoandikwa miaka 17 kabla ugonjwa haujajulikana na miaka 30 na zaidi kabla ya mpango huu wa fidia kuwepo. Ushahidi wa namna hiyo hauna bei. Tafuteni masandukuni.

Ila kadi hiyo ina makali pande mbili. Je, 1992 alijifungua kwa upasuaji tena? Aliongezewa damu Mombasa? Kama ndiyo, semeni wenyewe mapema. Kulificha ndiko kunakoua madai, maana likiibuka baadaye hata yaliyo kweli yatatiliwa shaka.

Na hapo ndipo jenotaipu 3a inapoingia. Uingereza aina ya 1 na ya 3 ndizo nyingi. Afrika ya Kati na Misri ni aina ya 4, na 3 kwa ukanda wetu ni adimu. Haithibitishi peke yake, mtu anaweza kuambukizwa 3a popote. Lakini daktari bingwa wa ini akiandika kwamba aina hii, pamoja na muda wa miaka 25 hadi 35 kutoka damu hadi saratani, vinaafikiana na maambukizi ya London 1984 kuliko ya Mombasa, mizani inashuka. Barua iwe fupi, iseme sababu, itaje pia njia nyingine alizoziangalia: sindano, kuchanjwa chale, kung'olewa meno. Daktari anayeandika "bila shaka yoyote" anapunguza uzito wa barua yake mwenyewe.

Mume naye aandike maelezo yake na kuapa. Yasiwe "mke wangu aliongezewa damu". Yawe: wodi ghorofa ya ngapi, usiku au mchana, aliona chupa au mfuko, nani alimwambia ni tatu, alikaa hospitali siku ngapi, mshono uliponaje. Asichokumbuka aandike hakumbuki. Watoto wakubwa wawili, kama walikuwa na umri wa kukumbuka, waandike kila mmoja peke yake, kwa maneno yake. Maelezo matatu yanayofanana neno kwa neno yanahesabiwa kuwa moja, na lenye shaka.

---

Pwani_Kwetu

Naomba kuuliza pembeni kidogo. Aliyeongezewa damu hospitali ya serikali hapahapa kwetu, Kenya au Bongo, naye ana mlango kama huo?

---

Karani_wa_Mirathi

Hana mpango wa fidia wa namna hiyo. Anarudi kwenye kesi ya uzembe ya kawaida, na saa inakimbia haraka mno. Kenya, dai la madhara dhidi ya Serikali lina miezi 12 tu chini ya sheria ya ukomo kwa mamlaka za umma. Tanzania ni miaka 3, lakini lazima kwanza notisi ya siku 90 kwa Serikali, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, na kesi hufunguliwa Mahakama Kuu. Tangu marekebisho ya 2020 Mwanasheria Mkuu anaunganishwa hata kama mdaiwa ni halmashauri. Ukikosea hilo kesi inatupwa kabla hujafungua mdomo.

---

Bibi_Maabara

Na ushahidi ni mwingine kabisa. Kinachotakiwa ni namba ya mfuko wa damu. Hubandikwa au kuandikwa kwenye faili la mgonjwa siku ileile, na kwa namba hiyo benki ya damu inaweza kumtafuta mchangiaji na kuangalia kama baadaye alikutwa na virusi. Ombeni nakala ya faili mapema. Pili, kipimo cha mgonjwa kabla ya kuongezewa. Bila majibu ya "hana" ya siku za jirani, hospitali itasema aliingia nayo.

Mjue pia kwamba maambukizi yanaweza kutokea bila mzembe yeyote. Mchangiaji aliyeambukizwa juzi ana virusi kwenye damu, lakini kingamwili bado. Kwa VVU pengo hilo ni kama wiki 3 kwa kipimo cha kingamwili, kwa homa ya ini C linaweza kufika miezi 2 na zaidi. Kesi ya uzembe inashindwa hapo mara nyingi.

---

Mwana_Tudor

Nashukuru sana. Nimeuliza familia: kadi ya 1992 ipo! Imeandikwa "C/S 1984 London, PPH, BT x3". Kuzaa kwa 1992 kulikuwa kwa kawaida, bila damu. Limebaki tatizo moja la aibu. Pasipoti inasema jina moja, kadi ya kliniki inatumia jina la mume, cheti cha kifo kina majina matatu kwa tahajia nyingine, na cheti cha mtoto cha London kimegeuza jina la baba yake mama kuwa la ukoo. Tarehe ya kuzaliwa kwenye pasipoti ni 1 Januari.

---

Bibi_Maabara

Hiyo BT x3 ndiyo kuongezewa damu chupa tatu, C/S ni kujifungua kwa upasuaji, na PPH ni kuvuja damu baada ya kujifungua. Msiipige laminesheni wala msiitoboe kwenye faili. Pigeni picha ya rangi pande zote mbili, hata upande usio na kitu, kisha ifungeni ndani ya bahasha kavu.

---

Karani_wa_Mirathi

Si aibu, ni Pwani. Nusu ya mafaili yetu yako hivyo.

Wakili aandike hati moja ya kiapo ya majina. Mume aape kwamba majina hayo yote, akiyataja moja baada ya jingine kwa tahajia ileile iliyo kwenye kila karatasi, ni ya mtu mmoja. Nakala ya kila karatasi iambatishwe kwa alama yake. Cheti cha ndoa kiwemo, kwani ndicho kinachounganisha jina la baba na jina la mume. Tarehe ya 1 Januari ielezwe kwa sentensi moja: siku halisi haikuandikishwa. Msijaribu "kurekebisha" cheti cha kifo sasa. Marekebisho yaliyofanywa katikati ya dai yanazua maswali kuliko kosa lenyewe.

Kiapo hicho kitumike pia kwenye mirathi, ili jina la hati ya usimamizi lifuatane na majina yaliyo London. Mkianza upya leo: barua ya chifu yenye orodha ya warithi wote, fomu P&A 80 na P&A 5 za kuomba usimamizi wa mirathi zikijazwa na mume, tangazo kwenye gazeti la Serikali na siku 30 za pingamizi. Kama ni Waislamu wanaweza kupitia kwa Kadhi. Hati ya kwanza mkiipata mkumbuke bado inahitaji kuthibitishwa, kwa kawaida baada ya miezi 6. Ikishathibitishwa, Kenya ni mojawapo ya nchi ambazo hati zake zinaweza kugongwa muhuri upya Uingereza chini ya sheria ya 1892, kwa hiyo hamtaanza mirathi nyingine kule. Chukueni nakala tatu zilizothibitishwa na mahakama tangu mwanzo. Kurudi kwa msajili kutafuta ya pili ni kupoteza wiki.

Na pesa ikifika: Uingereza haikati kodi ya mapato wala ya mirathi kwenye fidia hii. Msamaha huo ni wa Uingereza. Kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, muulizeni mhasibu kabla pesa haijaingia akaunti ya huku.